Sala ya Chini ya Usukani

Baba,

Shikamoo. Nakuamkia kwa sababu Mama yuko hapa kibarazani anamenya ndizi za mtori, na ingawa hajui namwandikia nani, nitaona aibu kumwandikia mtu mzima bila shikamoo huku yeye yuko karibu. Isingekuwa yeye nisingekuamkia. Nimekukasirikia, Baba. Kila asubuhi napita mbele ya kaburi lako na ndoo ya maziwa, na sigeuzi hata shingo.

Nimeiona swichi yako.

Ile ya chini ya kiti cha dereva, nyeusi, ndogo, umeikaza kwa vipande vya mpira wa baiskeli ili isicheze. Kazi nzuri, sina la kukosoa. Miaka yote uliyoendesha malori ya kahawa ilikufundisha kufunga waya, hilo nakupa. Umeupitisha chini ya zulia, ukaupenyeza karibu na pedeli ya klachi, mpaka kwenye kile kidude cha pampu kinachofungulia dizeli. Ukizima swichi, stata inazunguka mpaka betri inakufa na injini haionji hata tone. Mwizi angehangaika, angetukana, angeliacha gari palepale.

Ila hakuja mwizi. Nilikuja mimi.

Ngoja nikusimulie tangu mwanzo, maana siku ile hukuona vizuri. Ulikuwa umeegemeza kichwa kwenye kioo.

Ulitoka kwenye banda la ng'ombe ukakaa kwenye kigoda, mdomo ukapinda. Mkono wa kushoto ukaning'inia, na mguu wa kushoto hivyohivyo. Ulimi ukawa mzito, unasema kitu na sisi hatukishiki. Mama aliniita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Tulikubeba, mimi na yeye na jirani yetu mama Anaeli, tukakuweka kiti cha mbele cha abiria. Mama akaingia nyuma akakushika mabega usidondoke. Mimi nikakaa kwenye usukani, nikaweka ufunguo, nikapiga stata.

Ikazunguka vizuri kabisa. Gari halikuwaka.

Unajua kwamba sikuwahi kuliwasha gari lile maishani mwangu. Kuendesha niliendesha. Ndizi nani alikuwa anazipeleka Himo tangu macho yako yalipoanza kufifia? Lakini kuwasha ulikuwa unawasha mwenyewe. Unaingia wa kwanza, unafunga mlango, unainama mpaka paji la uso linagusa usukani, unakaa hivyo kidogo, unainuka, unawasha. Kisha unashuka, unazunguka kwenda upande wa abiria, unaniambia, "Haya, panda." Usharika mzima ulijua kwamba mzee wetu haondoi gari bila kuomba. Mama mmoja wa jumuiya alimnyima mwanawe ufunguo wa pikipiki mpaka ajifunze kuomba kama wewe. Nami niliamini. Nilikuwa nasimama nje na mkungu wa ndizi kichwani, nakusubiri umalize na Mungu.

Basi siku ile nikadhani ni betri. Nikafungua boneti, nikakwangua vichwa vya betri kwa kisu cha jikoni, nikavimwagia maji ya moto. Stata ikazunguka kwa nguvu zaidi, na gari likakaa kimya vilevile. Watu walishaanza kujaa. Unawajua watu wa Kirua, gari likigoma kila mtu ni fundi. Mmoja akasema ni chujio la dizeli. Mwingine akasema limeingiza hewa, akalegeza nati za mabomba ya nozo, nikapiga stata, akasema ehe, dizeli haifiki, sasa tumejua. Tumejua nini? Kila mtu alijua kwamba haifiki, na hakuna aliyejua kwa nini. Wakapampu kwa mkono mpaka dizeli ikamwagika chini, wakakaza, nikapiga tena. Wapi.

Pikipiki isingeweza kukubeba, ulikuwa umelegea kama gunia la mahindi lililofunguliwa mdomo. Jirani mwenye gari alikuwa ameteremka sokoni. Tulipiga simu Himo ije teksi, wakasema inakuja, na wewe unaijua "inakuja" ya Himo. Na kila mtu pale alikuwa anasema, litawaka tu, litawaka sasa hivi. Ndilo neno lililokuua, Baba. Tulilifuata hilo sasa hivi mpaka chini ya mlima.

Maana wazo lililofuata lilikuwa kusukuma. Huku kwetu kila barabara inateremka, gari bovu halina kisingizio. Walisukuma vijana, wazee, hata mama Anaeli na kanga yake mdomoni. Nikaweka gia ya pili, nikaachia klachi, gari likashtuka, likatikisika, likaendelea kuserereka kimya. Tukapita kanisani. Tukapita duka la pembejeo. Nikajaribu tena, na tena. Watu walibaki nyuma wanapiga kelele za kunipa moyo, kisha nikaacha kuwasikia. Tukafika darajani, pale barabara inapoanza kupanda upande wa pili, gari likaishiwa mteremko likasimama. Hapo hakukuwa na mtu wa kusukuma. Nikashuka, nikafungua boneti tena, nikasimama naliangalia lile lichuma kama ng'ombe anayeangalia reli.

Nilikuwa mbele, kichwa ndani ya boneti, ulipofia kwenye kiti. Sikuona. Mama ndiye aliyeona.

Mama anamsimulia kila anayekuja kutuhani. Habari yote naijua kwa moyo. Anasema ulijitahidi kuinuka, ukainamisha kichwa kuelekea upande wa usukani kama ulivyozoea, na ukanyoosha mkono wa kulia, ule mzima, ukawa unautafutia kitu chini. Akajua unataka kuomba. Akainama kutoka nyuma, akaupokea mkono wako kwa mikono yake miwili. Anasema ulikuwa unauvuta, ulikuwa bado una nguvu, akakuambia, "Tulia baba Eliakimu, Bwana anasikia," akaukaza. Akakuombea kwa Kichagga, ukanung'unika naye, mpaka ukanyamaza. Hapo huwa anafuta macho na kanga, na anatabasamu, Baba. Anatabasamu. Anasema, wangapi wanapewa kufa namna hiyo, sala mdomoni na mkono ndani ya mkono wa mkewe?

Teksi ya Himo ilifika ukiwa umeshapoa.

Eliakimu wako, kaka yangu, alitoka Dar siku iliyofuata, na shati lake la kola ngumu na kilio chake cha kusikika mpaka barabarani. Gari lilikuwa bado darajani, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuligusa. Akateremka na watoto wa Baba mdogo kwenda kulivuta. Akafungua mlango, akalalamika kwamba kiti kimemkaba, akakisukuma nyuma mpaka mwisho ili tumbo lake lipate nafasi. Akageuza ufunguo.

Likawaka, Baba. Mara moja tu. Lilinguruma mpaka waliokuwa wanateka maji mtoni wakainua vichwa.

Alilipandisha mpaka nyumbani akaliegesha mbele ya turubai, watu wote wa msiba wakiona. Akashuka, akanitazama, akasema maneno ambayo hakuna maji yatakayoyaosha: "Gari zima. Baba amekufa kwa sababu ya dereva."

Nikaenda kuokota vikombe vya wageni. Gari lilikuwa limewaka.

Kwenye mazishi mchungaji alihubiri kuhusu ile sala yako. Alisema hakuwahi kuona mtu wa imani ya kiasi hicho, mtu asiyegeuza ufunguo kabla hajainamisha kichwa. Akawauliza waombolezaji, nani kati yetu angekumbuka kuomba kabla ya kwenda kununua chumvi tu? Watu walilia. Nami nililia, tena sana, mpaka leo nayaonea uchungu yale machozi yangu. Tukakuzika hapa kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, kati ya migomba na ile kahawa uliyotukataza kuikata.

Kisha yakaja mabaya zaidi. Mama ilibidi apelekwe kliniki Moshi, presha ilikuwa imepanda. Nikaingia kwenye gari, nikavuta kiti mbele maana miguu yangu haifiki, nikapiga stata. Ikazunguka, gari likagoma. Eliakimu akaja, akanitoa kwa kidole kama unavyomtoa kuku mezani, akasukuma kiti nyuma, akawasha. Likawaka. Siku nyingine hivyohivyo. Yeye anawasha, mimi linagoma. Watoto wakaanza kuja kutazama.

Nilimwita fundi kutoka Himo, mrefu kama nguzo ya umeme. Alikaa, magoti yakamgonga usukani, akasogeza kiti nyuma, akawasha. "Dada, gari zima," akasema. Nikamwambia shuka. Nikakaa mimi, nikavuta kiti, nikapiga stata, kimya. Akacheka. Nikajaribu tena, kimya. Akaacha kucheka. Akalitazama kaburi lako pale chini ya migomba, akakusanya spana zake akasema hili si la spana. Na hata nauli hakudai, alivyokuwa na haraka ya kuondoka.

Basi ndiyo ikawa habari ya mlimani mzima: mzee amemkataa Ndeshi. Amemkataa kwa sababu alimuua kwa uzembe wake. Baba mdogo, ndugu yako, akaita kikao cha ukoo, akasema mambo ya namna hii yana njia yake. Nichume jani la isale, nilifunge fundo, nilipeleke kwako kaburini na kwa Eliakimu mbele ya ukoo, niombe msamaha. Isale haikataliwi, hata aliyekufa haikatai. Nisipofanya hivyo, Eliakimu alisema, gari anaondoka nalo Dar, na mimi nirudi nilikotoka.

Nilikotoka! Chekereni, kwenye majaruba ya mpunga, kwa mwanamume aliyenivunja jino. Unakumbuka nilivyorudi. Ulinipokea begi, ukaniwekea kitanda chumba cha nyuma, na jioni ukasema na jirani nikiwa nasikia, kwamba mtoto wa kike kwenye kihamba ni mgeni. Nilikuhudumia wewe na ng'ombe wako na mkeo tangu siku ile, na kwako nilibaki mgeni. Na mgeni haonyeshwi kila kitu, si ndiyo?

Sikutaka kuomba msamaha kwa kosa nisilolifanya. Nina roho ngumu, nimeirithi kwako. Walipoondoka kwenda kilabuni kunywa mbege nikabaki na gari peke yangu, nikaanza kulihoji. Nilijiambia, Ndeshi, mizimu haina shida na dizeli. Eliakimu anafanya nini ambacho wewe hufanyi? Ufunguo uleule. Gia ileile. Nikakumbuka tumbo la Eliakimu. Nikakumbuka magoti ya yule fundi.

Nikasukuma kiti nyuma mpaka mwisho. Miguu yangu ikawa inaelea kama ya mtoto kanisani. Nikageuza ufunguo.

Likawaka.

Sikupiga kelele. Niliacha injini inanguruma, nikashika chuma cha kiti, nikakivuta taratibu kuja mbele. Kikafika katikati. Tik, kitu kikalia chini yangu, na injini ikazima.

Nikashuka nikapiga magoti kwenye udongo, nikaingiza mkono chini ya kiti. Kwanza nikagusa waya wa spiringi, ile ya kiti iliyochomoka zamani na kukuchania suruali, ulikuwa unaisonya kila siku na huitengenezi. Ncha yake ilikuwa imenasa kwenye kitu. Hicho kitu kilikuwa swichi. Lazima ilinasa siku ile Eliakimu alipokisukuma kiti mpaka mwisho. Kiti kikirudi nyuma, waya unaiwasha. Kikija mbele, unaizima. Huo ndio mzimu wako, Baba. Spiringi na uvivu.

Nikaitoa ile spiringi kwenye swichi. Nikakaa kama unavyokaa wewe, kiti pale unapopenda wewe, nikajaribu kuifikia kwa mkono. Haifikiki ukiwa umekaa wima. Ni lazima uiname. Ni lazima uiname mpaka paji la uso liguse usukani.

Nilicheka, nakuambia ukweli. Nilicheka mpaka ng'ombe akaitikia bandani. Mzee wa kanisa! Mchungaji amekuhubiri! Wanawake wa jumuiya wanakuiga! Kumbe unapapasa swichi ili mwanao asiguse gari lako. Nikajua hata ulianza lini: baada ya ile Krismasi Eliakimu alipolichukua bila ruhusa kwenda kunywa Marangu akalirudisha na ubavu umebonyea. Kwa kosa lake yeye ukatufungia sote. Na mtu wa kwanza alipokuona umeinama akakusifu kwa sala, ukanyamaza. Ukaipokea ile sifa, ukaivaa kama koti.

Nilikuwa bado nacheka nilipohamia kiti cha abiria. Sijui kwa nini nilihamia. Nilikaa ulipokaa. Nikaegemeza kichwa kwenye kioo. Nikainama kuelekea upande wa dereva, nikanyoosha mkono wa kulia chini.

Unafika, Baba. Vidole viliigusa.

Kicheko kilikatika. Nikaona mikono ya Mama.

Ulikuwa huombi. Ulikuwa unataka kuwasha gari. Ulikuwa na mkono mmoja mzima na dakika chache, na ulijua, wewe peke yako duniani ulijua, na mke wako wa miaka yote akaukamata ule mkono kwa mapenzi yake yote, akakuambia tulia. Ulikuwa unauvuta. Amesema mwenyewe, ulikuwa unauvuta, na yeye akaukaza.

Niliutoa mkono wangu, nikaenda kuuosha kwa maji ya ng'ombe.

Kikao kilirudiwa kesho yake. Nilikwenda na hasira yangu imenyooshwa na kupigwa pasi, nimeazimia kusema kila kitu, Eliakimu alambe maneno yake mbele ya ukoo. Sikuwa nimefikiri zaidi ya hapo. Nikasema, si Baba aliyenikataa, ni waya. Eliakimu akaegemea nyuma kwenye kiti akasema, "Waya upi? Twende ukatuonyeshe."

Na Mama ndiye aliyesimama wa kwanza. Alijifunga kanga kiunoni, uso umemchangamka, mara ya kwanza tangu tukuzike. Alitaka nisafishwe, Baba. Kuliko mtu yeyote pale, yeye ndiye aliyetaka twende tukauone.

Nilimtazama anavyovaa ndala zake. Ningeinamisha kichwa kwenye usukani kuwaonyesha, naye angeelewa. Mama si mjinga. Ningenyoosha mkono chini ya kiti, naye angeutazama mkono wangu, kisha angeitazama mikono yake. Nilifikiria nimwambie Eliakimu peke yake. Eliakimu? Siri kwake ni kama maji kwenye chekeche, ingemfikia Mama kabla chai haijachemka.

Nikasema, "Kaa Mama. Hakuna waya. Nadhani Baba amenikataa kweli."

Mama akakaa. Akalia, kwa ajili yangu, kwa aibu yangu. Sijawahi kupigwa kofi likauma namna ile, na unajua nimepigwa.

Nilichuma isale mpakani, nikaifunga fundo. Nilipiga magoti kwenye kaburi lako nikaiweka, nikaomba msamaha kwa kukuua. Baba mdogo akakumwagia mbege kidogo, mchungaji hayupo. Nikaenda kwa Eliakimu nikampa jani lake. Akalipokea kwa ncha za vidole, akasema tumekusamehe, mdogo wangu, binadamu tumeumbwa kukosea. Nikasema asante. Nililisema, Baba, na meno sikuyauma.

Kisha Baba mdogo akasema, haya, jaribu gari. Ile spiringi nilikuwa nimeshaikata kwa plaizi alfajiri. Nikaingia, nikavuta kiti mbele, na ukoo wote umezunguka. Hakukuwa na njia nyingine. Nikainama mpaka paji la uso likagusa usukani, nikapapasa, nikabonyeza. Nikawasha.

Vigelegele vilisikika mpaka kanisani. Baba mdogo alivua kofia. Na Mama, amesimama dirishani, akasema taratibu, "Amina."

Jambo moja nililifanya kwa raha yangu, na silijutii. Asubuhi Eliakimu alipofungasha, bado alitaka kuondoka na gari, msamaha ni msamaha na gari ni gari, alisema. Nilikuwa nimeizima swichi usiku. Alisukuma kiti nyuma, akageuza ufunguo, likagoma. Aligeuza mpaka jasho likamlowesha kola. Akafungua boneti, akapiga simu kwa watu, akalipiga teke. Baba mdogo alimshika bega akasema baba yako amesema. Mwanao wa kiume aliondoka na basi, begi mapajani, na isale yangu ndani ya begi.

Kwa hiyo gari limebaki na sisi. Nampeleka Mama kliniki, napeleka ndizi Himo. Kila safari nainama. Kila nikiinama Mama anafumba macho pembeni yangu na kuitikia Amina. Watu wanasema Ndeshi amepatana na baba yake, amekuwa mtu wa sala. Jumuiya imenichagua niwe nafungua ibada. Mimi! Ukicheka huko uliko, nitaelewa.

Nakumbuka siku moja tulikuwa njia panda ya Himo, mvua inanyesha, tumemaliza kuuza. Ulininunulia muwa, ukaumenya mwenyewe kwa kisu chako ukanikatia vipande, kama nilipokuwa mdogo. Ukasema, "Ndeshi, iko siku nitakuonyesha kitu kwenye hili gari." Nikasema nionyeshe sasa. Ukatazama nje, ukasema mvua ikikatika. Ilikatika, ukawa umesahau. Au hukusahau. Ile siku nilikupenda, Baba, nakwambia kwa sababu hutaweza kunijibu. Ungefungua mdomo pale kwenye mvua ungekuwa hapa unanigombeza kwa kuchelewesha chai.

Barua hii nikishaimaliza naitia motoni jikoni, chini ya sufuria ya mtori, Mama asije akaiokota. Sitamwambia. Nakuahidi hivyo, si kwa heshima yako, heshima yako mimi nimeiona ilivyo. Ni kwa ajili ya mikono yake. Acha aamini ilikushika vizuri. Mimi nitabaki kuwa aliyekuua, nitainama, nitaitikiwa Amina, mpaka atakapokuja kulala hapo pembeni yako.

Siku hiyo wakishamfukia na kuondoka, nitaing'oa hiyo swichi na waya wake wote, niilete hapo, niichimbie kati yenu. Wewe ndiye utakayemweleza.

Lala, Baba. Anza kutafuta maneno.

Mgeni wako,
Ndeshi